Kinena kinauma mwezi wa saba sasa, nipumzike mpaka lini?

Maswali ya wasomaji kuhusu mwili na mazoezi

SWALI
Shikamoo dokta. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nacheza mpira na wenzangu kila wikendi, si wa kulipwa ila huwa tunakaza kweli. Huu ni mwezi wa saba nina maumivu kwenye kinena upande wa kulia, pale ndani paja linapoungana na mwili. Yalianza kidogo kidogo baada ya mechi nikaona yatapita tu. Sasa yamefika mahali hata kushuka kwenye gari au kujigeuza kitandani nasikia panachoma. Nimepumzika wiki tatu pakatulia, nikarudi uwanjani, dakika ya 20 tu maumivu hayo yakarudi. Nikapumzika tena mwezi mzima, nikarudi, yakarudi. Vidonge vya maumivu nimemeza hadi tumbo nalo likaanza kuniuma. Nilipigwa ultrasaundi wakasema ngiri hakuna ila kano ina uvimbe. Mwenzangu mmoja anasema mazoezi ndo dawa, mwingine anasema nikigusa mazoezi naumaliza kabisa huo mguu. Nimfuate nani? Na kama ni kupumzika, nipumzike mpaka lini?

JIBU
Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, mambo ya vidonge na upasuaji nawaachia madaktari wenyewe, ila barua yako nimeisoma mara tatu maana hiyo njia nimeipita. Nilikaa na kinena kibovu karibu mwaka mzima enzi nakimbia, na nilifanya hivyo hivyo unavyofanya wewe, napumzika mpaka pakae kimya halafu naingia barabarani na spidi ile ile ya zamani, panaamka, napumzika tena. Kwa hiyo ntakujibu kwa urefu, nivumilie.

Kwanza niondoe yale ambayo mazoezi hayayawezi. Ukiona kivimbe kwenye kinena kinachotokeza ukikohoa au ukinyanyua mzigo, hiyo yaweza kuwa ngiri na ni ya daktari, na kikigoma kurudi ndani huku kinauma na unatapika, ni hospitali saa hiyo hiyo usiku au mchana. Maumivu ya ghafla kwenye korodani, usisubiri asubuhi, korodani ikijisokota inahesabiwa kwa masaa, karibu sita hivi, baada ya hapo uwezekano wa kuiokoa unashuka haraka. Homa, damu kwenye mkojo, kukonda bila sababu, mtoki uliovimba usioondoka, maumivu yanayokuamsha usiku hata hujajigeuza, hayo yote ni ya kupimwa kwanza. Na kwa wale wanaokimbia mbali, kinena kinachouma zaidi kila unapokanyaga, hata kuruka kwa mguu mmoja huwezi, acha kukimbia kabisa mpaka mfupa uangaliwe, shingo ya mfupa wa paja huwa inaweka ufa mdogo ambao eksirei ya kawaida mwanzoni inaweza isiuone, na ufa huo ukiachwa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Wewe kwa ulivyoeleza na kwa hiyo ultrasaundi hauko kwenye kundi hilo, ndo maana naendelea.

Sasa kwa nini panarudi kila mara. Misuli ya ndani ya paja, ile inayovuta mguu kuelekea katikati, inashika kwenye mfupa wa kinena kwa kano. Na juu ya mfupa huo huo misuli ya tumbo nayo inashika. Kwa hiyo hapo mahali padogo panavutwa kwa juu na kwa chini, na kila ukipiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu, kila ukigeuka ghafla kumfuata mtu, pale ndo panabeba. Ukipumzika, hakuna kinachovuta, maumivu yanashuka, unafurahi. Lakini wiki hizo tatu kano haikupata nguvu hata kidogo, na msuli umepungua nguvu, kwa sababu msuli usiopewa kazi unapungua, haubaki ulipouacha. Halafu unaurudisha kwenye kazi ile ile ya mechi nzima. Kwa maneno mengine kila ukipumzika na kurudi unarudi ukiwa dhaifu kuliko ulivyoondoka. Mpumziko wa siku chache panapokuwa pamoto ni sawa kabisa, ila kupumzika miezi hakujengi kitu.

Na hilo neno uvimbe naomba tulielewe vizuri maana linawatisha watu. Siku za kwanza za jeraha uvimbe ni mwili unajitengeneza, panakuwa na joto, panauma ukigusa. Lakini miezi saba baadaye kinachoonekana kwenye picha mara nyingi ni kano iliyonenepa na nyuzi zake zimevurugika mpangilio, siyo moto ule wa siku za mwanzo. Vidonge vya kushusha uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kukupoza, ila kazi ya kupanga nyuzi upya havifanyi, kazi hiyo inafanywa na kano yenyewe ikipewa mvuto mdogo mdogo unaoongezeka. Na kwa kuwa tumbo limeshaanza kuuma, acha hivyo vidonge umuone daktari, vinachubua tumbo na kwa muda mrefu vinaumiza na figo, hilo silisemi kukutisha.

Kuna utafiti mmoja ambao kwangu ndo uliomaliza ubishi wa mwenzako wa kwanza na mwenzako wa pili. Ni wa Denmark, uliongozwa na Per Hölmich, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999. Walichukua wanamichezo 68 wenye shida kama hii yako ya muda mrefu, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja walipewa mazoezi ya nguvu ya taratibu mara tatu kwa wiki, wiki 8 hadi 12. Kundi jingine walipewa matibabu ya kulala kitandani na kufanyiwa, masaji, leza, umeme wa kupunguza maumivu, pamoja na kujinyoosha. Mwisho wake, waliomaliza upande wa mazoezi ni 29, na 23 kati yao walirudi kwenye michezo kiwango kile kile bila maumivu. Upande wa pili walimaliza 30, waliorudi hivyo ni wanne. Wanne tu. Nami nilikuwa mtu wa kupaka na kukanda, nikabadilika.

Kwa hiyo unaanzaje. Tafuta mpira wa miguu, usiwe umejaa upepo sana. Lala chali, magoti umeyakunja, nyayo chini, weka mpira katikati ya magoti uubane. Usiubane kwa hasira. Nusu ya nguvu zako, sekunde 10 hadi 15, pumua kawaida usizuie pumzi, achia, pumzika kidogo, rudia mara tano au sita. Hilo tu, mara moja kwa siku, siku tatu nne za kwanza. Ukiona pametulia, ongeza sekunde polepole kuelekea 30 na marudio kuelekea kumi. Halafu fanya vile vile miguu imenyooka, mpira katikati ya nyayo, huo ni mgumu zaidi kwa sababu mpira uko mbali zaidi na kinena, kwa hiyo usiuruke kuufikia siku ya kwanza. Kubana bila kusogeza mguu ndo namna ya upole zaidi ya kuipa kano kazi, na wengi hata maumivu yanapungua palepale wakimaliza. Wiki mbili za mwanzo ni hizo, pamoja na kutembea kila siku kwenye eneo tambarare, na mazoezi ya tumbo mepesi maana nimekwambia tumbo nalo linashika hapo.

Ukivuka hapo unaingia kwenye kusogeza. Unalala kwa ubavu, mguu wa juu umekunjwa na kuwekwa mbele, unanyanyua mguu wa chini kidogo tu kutoka sakafuni na kuushusha pole pole, kushusha pole pole ndo penye faida. Baadaye unasimama na kuvuta utepe wa mpira unaovutika (siyo mpira wa kuchezea) uliofungwa kwenye kitu imara, mguu unavuka kuelekea mwenzake. Unaongeza kupiga hatua ya pembeni, fupi kwanza, na kusimama kwa mguu mmoja kutafuta mizania. Hapo siku moja unafanya siku moja unaacha, kano inahitaji siku ya kupumua. Miguu yote miwili, usifanye mmoja tu unaouma.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza ni kwamba mbona nikifanya nasikia kidogo, niache? Hapa ndo watu wanapotea, mmoja anaacha zoezi kwa maumivu kidogo tu, mwingine anang'ang'ania mpaka anashindwa kutembea. Jipe namba. Sifuri hakuna kitu, kumi ni maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kufikiria. Kila asubuhi lala chali miguu imenyooka, mtu aweke mikono yake katikati ya miguu au weka mpira, bana kwa nguvu sekunde 5, halafu jipe namba. Ikiwa 0 hadi 2 ni kijani, endelea na unaweza kuongeza. 3 hadi 5 ni njano, fanya ulichofanya jana usiongeze, au punguza. 6 kwenda juu ni nyekundu, siku hiyo tembea tu na urudi hatua moja nyuma. Kipimo hiki wanakitumia hadi timu za kulipwa, na mimi nakipenda kwa sababu kinamnyang'anya mtu kubahatisha. Wakati wa mazoezi yenyewe ukisikia 2 au 3 usiogope, mradi asubuhi inayofuata namba haijapanda. Asubuhi ikipanda, jana ulizidisha, punguza, huna haja ya kuacha kila kitu.

Halafu kuna vitu vya kuacha kwa sasa. Kujinyoosha kwa kupanua miguu mpaka kinena kilie. Najua panakaza na moyo unakwambia panyooshe, lakini kano iliyokasirika ukiivuta hadi mwisho na kuibana kwenye mfupa unaichokoza zaidi, na kwenye ile programu ya Denmark kunyoosha misuli hiyo ya ndani ya paja hakukuwemo. Kuogelea ni kuzuri, ila siyo ule mtindo wa chura, ule teke lake ni kinena kitupu. Baiskeli nyepesi sawa. Na kukaa umepishanisha miguu masaa mawili, acha.

Muda. Usinipe wiki mbili, nipe miezi mitatu. Kukimbia taratibu kwa mstari ulionyooka kule Denmark waliruhusiwa baada ya wiki ya sita, tena kama hakuna maumivu. Kama baada ya wiki 12 za kufanya kweli, si za kukumbuka Jumatatu na kusahau mpaka Jumapili, hujaona mabadiliko, rudi kwa mtaalamu apime na nyonga yenyewe, maana kiungo cha nyonga kikiwa na shida nacho kinauma hapo hapo kwenye kinena. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Doha wakakubaliana kuyagawa maumivu ya kinena kwa asili yake, yale ya misuli ya ndani ya paja, ya msuli unaonyanyua paja mbele, ya njia ya ngiri, ya mfupa wa kinena wenyewe, na yale ya nyonga. Ndo maana zoezi lililomponya mwenzako linaweza lisikufae wewe.

SWALI (msomaji huyo huyo, wiki tano baadaye)
Shikamoo tena. Nilianza vile ulivyosema, wiki ya nne asubuhi nilikuwa napata 1 au 0, kitandani najigeuza bila kufikiria. Nikafurahi, juzi nikapita uwanjani wenzangu wanacheza nikapiga mashuti matatu tu, ya nguvu. Jana asubuhi 6. Leo 5. Nimekata tamaa kabisa, naona nimerudi mwanzo.

JIBU
Marahaba. Hujarudi mwanzo mdogo wangu, na nataka uamini hilo. Jeraha halijaanza upya kwa mashuti matatu, kano imeshtuliwa na mzigo ambao ilikuwa haijaufikia, basi. Wiki nne za nguvu ulizojenga hazijafutika, angalia tu namba yenyewe imeanza kushuka ndani ya siku moja, miezi ile ya mwanzo ingekuchukua wiki. Siku tatu nne hivi rudi kwenye kubana mpira wa magoti na kutembea, ikifika 2 panda tena ulipokuwa.

Ila tuelewane kwenye ngazi za kurudi. Kutokusikia maumivu kitandani ni jambo moja na kupiga shuti ni jambo jingine, katikati yake kuna mambo mengi. Unaanza na kutembea haraka nusu saa. Halafu kukimbia taratibu kwa mstari, dakika moja ukikimbia dakika moja ukitembea, mara kumi. Halafu unaongeza mwendo bado mstari umenyooka. Halafu kona pana. Halafu kona kali na kusimama ghafla. Mpira unaugusa kwa pasi fupi za taratibu, unazidi kuurefusha umbali, na shuti la nguvu na krosi ndefu vinakuja mwisho kabisa, baada ya hapo ndo mazoezi na wenzako, baada ya hapo ndo mechi, tena nusu kwanza. Kila ngazi ikae angalau mara mbili asubuhi ikiwa ya kijani ndo upande.

Na ukisharudi usiache nguvu. Wachezaji wengi wanafanya mazoezi mpaka wapone halafu wanatupa mpira kabatini, mwaka unaofuata nawaona tena. Kuna zoezi moja, unalala ubavu umeegemea kiwiko, mguu wa juu umeuweka kwenye benchi au mwenzako ameushika, unanyanyua nyonga juu na mguu wa chini unaufuata. Ni gumu, usiliguse mpaka vile vyote vya mwanzo viwe vyepesi, na uanze goti likiwa ndo lililoegemea benchi, siyo kifundo cha mguu. Norway walilijaribu kwa timu 35 za wanaume, ripoti ilitoka 2019, timu zilizolifanya zilikuwa na hatari ya shida za kinena pungufu kwa asilimia 41. Hakuna mashine wala ukumbi, ni dakika chache tu kabla ya mazoezi.

SWALI
Habari ya kazi. Nina mtoto wa miezi minne. Tangu mimba ya miezi sita hadi leo nasikia maumivu mbele kabisa, juu ya mfupa wa kinena, kama kuna kitu kinaachana. Kuvaa suruali kwa kusimama siwezi, ngazi ni mateso, kugeuka kitandani kumnyonyesha mtoto nasikia mlio. Nimeambiwa ni kawaida nitulie itaisha, ila inanichosha, nalia. Naogopa hata kutembea nisije nikaharibu.

JIBU
Dada yangu, pole, na kulia una haki. Kuambiwa ni kawaida ni kweli nusu. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano wajawazito anapata maumivu ya mifupa ya nyonga, kwa maana hiyo ni ya kawaida, lakini kuwa ya kawaida hakumaanishi uachwe nayo. Pale mbele mifupa miwili ya nyonga inakutana kwenye kiungo kidogo chenye gegedu, mimba inakilegeza, misuli ya tumbo imenyooshwa, kwa hiyo upande mmoja ukibeba uzito peke yake, kile kiungo kinasuguana kwa namna ambayo kinalalamika. Wengi wao kinatulia ndani ya miezi kadhaa baada ya kujifungua. Na kutembea hakutakuharibu, hilo liweke moyoni.

Anza na mambo ya siku nzima maana hayo yatakupa nafuu ndani ya wiki hii hii. Suruali vaa umekaa. Kugeuka kitandani bana magoti pamoja, geuka mzima mzima kama gogo. Gari ingia kwa kukaa kwanza halafu ingiza miguu yote pamoja. Ngazi panda moja moja, mguu mzuri unatangulia kupanda, mbovu unatangulia kushuka. Mtoto usimbebe upande mmoja wa kiuno, mbebe mbele au mgongoni. Hatua ndefu, kuchuchumaa umepanua miguu, kusukuma vitu vizito kwa mguu, acha kwanza.

Mazoezi yako ni ya upole zaidi ya yule kaka wa juu. Lala chali magoti yamekunjwa, vuta pumzi mpaka tumbo lijae, ukiitoa pole pole vuta juu misuli ile unayozuia nayo mkojo, kidogo tu, halafu achia kabisa. Achia kabisa ni muhimu sawa na kuvuta. Mara nane, kumi. Halafu weka mto katikati ya magoti ubane kwa robo ya nguvu, sekunde tano, mara nane. Ukizoea, ukiwa bado umebana mto nyanyua makalio kidogo, shusha. Kutembea anza dakika kumi mara mbili kwa siku, hatua fupi, siyo saa nzima Jumamosi halafu unalala siku tatu. Mkanda wa nyonga unaosaidia kukaza unaweza kuutumia ukiwa na kazi ya kusimama, siyo usiku kucha. Pata fizio anayejua afya ya wanawake akuone, na kama una homa, au uchafu wenye harufu mbaya, au mguu umekataa kabisa kunyanyuka, au mkojo unakutoka, usingoje miadi.

SWALI
Ndugu mtaalamu, naandika kwa aibu kidogo. Nina miaka 47, miaka miwili sasa nasikia maumivu yanazunguka, leo kinenani, kesho nyuma ya korodani, mara kibofu. Nimepewa antibayotiki raundi nyingi, wanasema uvimbe wa tezi dume, ila mkojo ukipimwa hauna bakteria. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Nilisoma mahali nifanye mazoezi ya kubana misuli ya chini, nikabana mara mia kwa siku, nikazidi kuumia. Je mazoezi hayafai kwangu?

JIBU
Ndugu yangu, aibu iweke pembeni, barua za aina hii napata nyingi kuliko unavyodhani na karibu zote zinaanza na sentensi hiyo hiyo ya aibu. Mazoezi yanafaa, ila umepewa yale ya kinyume. Kwa wanaume wengi wenye maumivu ya muda mrefu ya nyonga na vipimo havioni bakteria, misuli ya sakafu ya nyonga haijalegea, imekaza, imekaza kama mtu anayekunja ngumi miaka miwili. Ukimwambia akunje tena mara mia unategemea nini? Kwako kazi ni kujifunza kuachia.

Lala chali, miguu uiegemeze juu ya kiti, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi ya chini, tumbo lipande, na usikie pale kati ya korodani na njia ya haja pakishuka na kufunguka, kama unaanza kukojoa. Usisukume, acha pashuke penyewe. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Mwanzoni hutasikia kitu, wengi wanasikia wiki ya pili au ya tatu. Kwenye kazi ya kukaa, inuka kila baada ya nusu saa hata kama ni kusimama tu na kurudi. Baiskeli iache kwa sasa, kiti chake kinakandamiza pale pale.

Halafu tembea, tembea kwa haraka ya kukutoa jasho. Italia walitoa utafiti mwaka 2007, wanaume 103 wenye shida hii ambao dawa hazikuwaridhisha, wiki 18, nusu wakafanya mazoezi ya kutembea kwa kasi na mengine mepesi ya kusukuma mapigo ya moyo, nusu wakafanya kujinyoosha tu. Makundi yote yalipata nafuu ila wa kutembea walipata zaidi kwenye maumivu. Hakuna aliyeambiwa akimbie maili. Anza dakika 20 mara tatu kwa wiki na upande hadi 40. Na kuhusu antibayotiki, mwulize daktari wako waziwazi kama kuna sababu ya raundi nyingine ikiwa vipimo viko safi. Usiache tu kumuona, kwa umri wako tezi dume inastahili kuangaliwa kwa mpangilio hata kama maumivu yametoka kwingine.

SWALI
Mwanangu wa kiume ana miaka 12, mnene kidogo, wiki tatu anachechemea na anasema goti linauma, saa zingine kinena. Hakuanguka. Nimpe mazoezi gani mepesi?

JIBU
Dada, huyu usimpe zoezi lolote. Mtoto wa umri huo anayechechemea, maumivu ya kinena au hata ya goti peke yake, nyonga lazima ipigwe eksirei, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake kwenye sehemu inayokua, na maumivu yakajitokeza gotini mtu akaangalia goti tu. Waambie wazi wapige picha ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya pembeni. Na kama ana selimundu waambie pia, maana hapo kichwa hicho cha mfupa kinaweza kukosa damu kikaanza kufa, nalo linauma kinenani. Mpeleke leo, na njiani mbebe au mtafutie magongo, asikanyagie huo mguu mpaka picha isomwe.